Maisha ya John Kennedy na Nauli ya Wanafunzi wa Kenya

(Maneno ya hotuba kwa watu wa Voi na Taita Taveta)



Mji wa Voi umewahi kupitwa na mtu aliyekuwa Rais wa Marekani. Jambo hilo lilitukia mwezi wa Aprili 1909, naye alikuwa amemaliza kazi ya urais wiki chache tu kabla ya hapo. Jina lake Theodore Roosevelt. Alishuka melini Mombasa, akapanda gari la moshi, akakaa mbele kabisa ya injini ili awaone wanyama wa nyika pasipo kizuizi. Gari likapita Maungu, likapita Voi, likapita Tsavo, likapanda bara. Bwana Roosevelt alikuja kuwinda. Aliwinda sana, akaandika kitabu cha mawindo yake, akarudi kwao.

Rais anayezungumziwa leo hakupita Voi. Katika muda wote wa urais wake hakuikanyaga Afrika hata mara moja. Lakini jina lake, John Fitzgerald Kennedy, limekaa vinywani mwa Wakenya kuliko la yule mwindaji, na sababu yake si bunduki wala kitabu. Sababu yake ni nauli ya ndege. Yafaa basi maisha ya mtu huyo yaelezwe kwa ukamilifu, kisha ipimwe sawasawa sehemu yake katika jambo la Kenya, maana watu wengine humpa sifa isiyokuwa yake, na wengine humnyima iliyo yake.

Bwana Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, karibu na mji wa Boston. Asili ya jamaa yake ni Ireland. Wazee wa babu zake walivuka bahari katikati ya karne ya kumi na tisa, wakati viazi vilipooza mashambani kwao kwa ugonjwa na watu wakafa kwa njaa. Huko Boston walikuta dharau, kwa kuwa walikuwa maskini na kwa kuwa walikuwa Wakatoliki. Wakafanya kazi za bandarini na za kuuza vileo, wakaingia katika siasa za mitaa, na baada ya vizazi viwili babu yake mzaa mama akawa Meya wa mji uleule. Baba yake, Bwana Joseph Kennedy, alipata utajiri mkubwa, na kuanzia 1938 hadi 1940 alikuwa balozi wa nchi yake mjini London. Kwa hiyo kijana John hakuijua njaa. Alichokijua ni maradhi. Mgongo wake ulimsumbua maisha yake yote, na tezi za mwili wake zilikuwa na ugonjwa ambao jamaa yake waliuficha kwa watu. Mara zaidi ya moja kasisi aliitwa kumpaka mafuta ya wagonjwa mahututi.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, alijiunga na jeshi la majini akapewa mashua ndogo ya vita katika visiwa vya Solomon, bahari ya Pasifiki. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, manowari ya Kijapani iliigonga mashua hiyo ikaikata vipande viwili. Mabaharia walikuwa kumi na watatu, wawili wakafa. Mmoja wa waliosalia alikuwa ameungua vibaya, asiweze kuogelea. Kennedy aliushika kwa meno mkanda wa koti la kujiokoa la mtu huyo, akamvuta majini kwa saa nyingi mpaka wakafika kisiwani.

Lakini kufika kisiwani si kuokoka. Walikaa siku kadhaa wakila nazi, huku maji yote ya pande zile yakiwa mikononi mwa adui. Waliowaokoa ni wenyeji wawili wa visiwa vile, Biuku Gasa na Eroni Kumana. Walimkuta Kennedy hana karatasi wala kalamu, basi akachonga ujumbe kwa kisu juu ya ganda la nazi, nao wakalichukua katika mtumbwi, wakapita katikati ya Wajapani, wakalifikisha kwa wenzake. Mtu wa Pwani atalifahamu jambo hilo upesi, kwamba nazi ni chakula, ni kinywaji, na siku ya shida ni barua pia. Bwana Kennedy alilitunza ganda lile. Alipokuwa Rais lilikaa juu ya meza yake ya kazi Washington. Ni haki kusema kwamba pasipo wenyeji wale wawili, waliokuwa chini ya utawala wa kikoloni kama watu wa Taita walivyokuwa wakati ule, Marekani isingempata Rais huyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 12 Agosti 1944, kaka yake mkubwa aliyeitwa Joseph, rubani, alikufa ndege yake ilipolipuka juu ya Uingereza. Yeye ndiye ambaye baba yao alikuwa amemwekea matumaini ya siasa. Matumaini hayo yakamhamia John. Baba akaanzisha pia wakfu wa fedha kwa jina la marehemu, mwaka 1946, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwasaidia watoto wenye ulemavu wa akili. Msikilizaji na aliweke moyoni jambo la wakfu huo, maana litarudi.

John Kennedy aliingia Bungeni Washington mwaka 1947, na mwaka 1953 akaingia Seneti. Kwa miaka ya kwanza hakuonekana kuwa mtu wa pekee. Alikuwa tajiri, kijana, mwenye sura nzuri, na mara nyingi hakuwapo kwa ajili ya ugonjwa. Jambo lililowashtua wengi ni hotuba aliyoitoa Seneti tarehe 2 Julai 1957. Alisema Ufaransa inakosea kupigana na watu wa Algeria, na kwamba Marekani inakosea kuisaidia, kwa kuwa watu wale watapata uhuru wao kwa vyovyote. Wafaransa walikasirika. Hata wakubwa wa chama chake mwenyewe walimwona kijana asiyejua mambo ya nje. Mwaka 1959 akawa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti iliyoshughulikia mambo ya Afrika. Ukweli ni kwamba kamati hiyo haikukutana mara nyingi, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa anautafuta urais. Hata hivyo kiti hicho ndicho kilichoufungua mlango ambao Kenya iliupitia.

Ama kwa habari za Kenya wakati huo, hali ya elimu ilikuwa hivi. Nchi nzima haikuwa na chuo kikuu chake. Makerere, huko Kampala, ndicho kilichokuwa chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki, nacho kiligawiwa nchi zote. Nairobi kulikuwa na chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956, lakini kilikuwa bado hakitoi shahada. Kijana aliyefaulu mtihani wa Cambridge akakosa nafasi Makerere alibaki na cheti chake mkononi. Serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba vyuo vya Marekani havina kiwango, na kwamba ni afadhali kijana angoje.

Katika milima ya Taita hamu ya shule haikuwa jambo la jana. Misheni ya Bura ilikuwapo tangu 1892, nayo Wusi ilikuwa imefundisha watoto kwa miaka mingi. Wazazi walilipa karo kwa kuuza mboga zilizoshushwa kutoka Wundanyi kwenda Mombasa, au kwa mshahara wa kukata mkonge Voi, Mwatate na Taveta. Aliyetaka masomo ya juu alishuka mlimani mpaka stesheni ya Voi, akangoja gari la moshi. Wala Marekani haikuwa jina geni kwa watu wa elimu. Dokta James Aggrey, mtu wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alisoma na kufundisha huko Marekani, akafika Kenya mwaka 1924 pamoja na tume iliyochunguza elimu ya Waafrika, na wengi waliomsikia hawakumsahau. Shule ya sekondari ya Wundanyi yaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Bwana Tom Mboya, aliyeishika kazi ya kuwapeleka vijana Marekani, hakuwa mgeni wa mashamba ya namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa nyapara. Yeye mwenyewe hakuwa na shahada. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia watu, akaomba nafasi za bure katika vyuo, naye Dokta Julius Kiano, Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa, alikuwa mwenzake katika kazi hiyo. Vyuo vikakubali. Tatizo likabaki moja: chuo kikimpa kijana nafasi ya bure, yeye atafikaje huko? Nauli ya ndege ilizidi mapato ya mwaka mzima ya mkulima wa kawaida. Marafiki wa Bwana Mboya huko New York wakaunda chama cha kuchanga fedha. Mwimbaji Harry Belafonte, mcheza sinema Sidney Poitier na mchezaji Jackie Robinson, wote Wamarekani weusi wenye sifa kubwa, walitia sahihi barua za kuomba msaada, na maelfu ya watu wa kawaida wakatuma dola zao. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata hesabu ikawa ngumu. Wanafunzi waliopata nafasi walizidi mia mbili, na sasa Tanganyika, Uganda na nchi nyingine jirani nazo zilikuwa na vijana wao katika orodha. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliombwa fedha ikakataa. Makamu wa Rais, Bwana Richard Nixon, alijaribu kuwaombea, hakufaulu. Ndipo Bwana Mboya alipokwenda kumwona Seneta Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, kando ya bahari, tarehe 26 Julai 1960. Kennedy alikuwa na umri wa miaka 43, naye siku chache tu zilizopita chama chake kilikuwa kimemteua kugombea urais. Mboya hakuwa ametimiza miaka 30. Baada ya mazungumzo yale, ule wakfu wenye jina la marehemu kaka yake ulikubali kutoa dola 100,000, yaani zaidi ya shilingi laki saba za Afrika ya Mashariki kwa kadiri ya siku zile.

Wakfu uliomba jambo lile lisitangazwe. Lakini mwezi wa uchaguzi siri haikai. Wizara iliyokuwa imekataa ikageuka ghafula, ikasema iko tayari kutoa kiasi kilekile. Chama cha New York kikachagua fedha za Kennedy. Hapo Seneta mmoja wa chama cha pili akasimama Seneti akalalamika kwamba jamaa ya Kennedy wanaishinda serikali kwa mnada ili kujipatia sifa. Magazeti yakaandika, na magazeti ya Wamarekani weusi yakaandika zaidi.

Je, Bwana Kennedy alifanya kwa huruma au kwa kura? Swali hilo limeulizwa kwa zaidi ya miaka sitini, na jibu la kweli halina haja ya kuwa moja. Alihitaji kura za Wamarekani weusi, na habari hiyo ilimsaidia kuzipata. Wakati huohuo alikuwa amekwisha kusema habari za Algeria miaka mitatu nyuma, wakati ambapo maneno hayo hayakumletea kura hata moja. Uchaguzi wa Novemba 1960 aliushinda kwa kura zipatazo laki moja na ushei kati ya milioni 68. Katika tofauti ndogo kiasi hicho, kila aliyemsaidia ana haki ya kudai kwamba ndiye aliyempitisha. Mwanafunzi aliyekaa kitini katika ndege mwezi wa Septemba hakuwa na sababu ya kuuliza nia ya mlipaji.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba nauli ile haikuwa gharama yote. Kijana alihitaji nguo za baridi, fedha za mfukoni, chakula cha siku za likizo, na vitabu. Hayo yalitafutwa na wazazi, jamaa na vijiji. Katika sehemu nyingi za Kenya watu walifanya karamu za chai na ngoma za kuchanga fedha. Mbuzi wakauzwa, ng'ombe wakauzwa, na jina la mwanafunzi mmoja likawa deni la ukoo mzima. Na haya yalifanyika katika nchi iliyotoka tu katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyokwisha rasmi Januari 1960. Watu wa Voi hawahitaji kuelezwa habari hizo, maana kambi ya Manyani, ambako maelfu ya Waafrika walizuiliwa, ilikuwa jirani yao kwenye njia ileile ya reli.

Wala huko walikokwenda hakukuwa peponi. Wengi waliosha vyombo na kufagia mabweni ili wapate fedha za matumizi. Katika majimbo ya kusini walikuta mikahawa isiyowauzia chakula na viti vya basi visivyowahusu, kwa ajili ya rangi yao. Mgeni aliyeacha ubaguzi Nairobi aliukuta mwingine umemtangulia.

Tarehe 20 Januari 1961 Bwana Kennedy aliapishwa kuwa Rais wa thelathini na tano, Mkatoliki wa kwanza kushika kazi hiyo, na kijana kuliko wote waliopata kuchaguliwa. Katika hotuba yake aliwaahidi watu wa vibanda na vijiji vya nusu ya dunia kwamba nchi yake itawasaidia wajisaidie. Mwezi uliofuata maneno hayo yalijaribiwa papa hapa Kenya. Msaidizi wake wa mambo ya Afrika, Bwana Mennen Williams, alifika Nairobi, akasema kwamba siasa ya Marekani ni Afrika kwa Waafrika. Masetla walipiga kelele, na magazeti ya London yakataka afukuzwe. Waandishi wa habari walipomwuliza Rais, alijibu kwa utulivu kwamba yeye hajui Afrika ingekuwa ya nani mwingine. Watu wakacheka, na Bwana Williams akabaki kazini.

Mwezi wa Machi 1961 alianzisha Kikosi cha Amani, ambacho kiliwapeleka vijana wa Kimarekani kufanya kazi katika nchi nyingine kwa mshahara mdogo, wakikaa na wenyeji. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwapokea, mwaka uleule: walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba, waliokuja kupima barabara. Mwalimu Julius Nyerere alikaribishwa Washington Julai 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa nchi yake. Kenya iliwapokea wake baada ya uhuru, wengi wao wakiwa walimu.

Mambo mengine ya urais wake ni mchanganyiko wa mema na mabaya, na msikilizaji asidanganywe kwa kuambiwa mema tu. Aprili 1961 aliruhusu watu wa Cuba waliokimbilia Marekani waivamie nchi yao kwa silaha za Kimarekani. Wakashindwa kwa siku tatu, naye akakubali hadharani kwamba lawama ni yake. Katika Vietnam, askari washauri wa Marekani walikuwa mamia alipoingia. Walipita elfu kumi na sita kabla ya kufa kwake, na vita vile baadaye viliwala watu wengi mno. Katika Congo, Bwana Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, siku tatu kabla ya Kennedy kuapishwa, na serikali iliyomtangulia ilikuwa imekwisha kupanga kumwua.

Oktoba 1962 ndiyo siku zake kuu. Warusi walikuwa wamepeleka Cuba makombora yenye uwezo wa kubeba mabomu ya atomiki. Kwa siku kumi na tatu dunia ilikuwa ukingoni. Majenerali walimshauri apige mara moja. Yeye akaizingira Cuba kwa manowari, akaandikiana barua na Bwana Khrushchev, na kwa siri akakubali kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Warusi wakaondoa yao. Mwaka uliofuata mataifa hayo mawili pamoja na Uingereza yalitia sahihi mkataba wa kukomesha majaribio ya mabomu ya atomiki angani, baharini na katika anga za juu. Mtu aliyewahi kuvutwa na mawimbi usiku akiwa hana mashua hakuwa mwepesi wa kuwapeleka wengine vitani. Angalau katika jambo hilo.

Juu ya haki za Wamarekani weusi, waliompa kura walimngoja kwa muda mrefu. Alichelewa. Aliogopa wabunge wa kusini wa chama chake. Ni baada ya mji wa Birmingham kuwafungulia watoto mbwa na mipira ya maji ndipo, tarehe 11 Juni 1963, aliposema katika televisheni kwamba jambo hilo ni la haki na dhambi, si la siasa tu, na kwamba ataleta sheria. Usiku uleule, saa chache baadaye, kiongozi wa haki za watu weusi, Bwana Medgar Evers, alipigwa risasi nje ya nyumba yake huko Mississippi. Sheria ilipita mwaka 1964, nayo ilitiwa sahihi na Bwana Lyndon Johnson.

Aliyeitaka hakuwapo. Siku ya Ijumaa tarehe 22 Novemba 1963, katika mji wa Dallas, Bwana Kennedy alipigwa risasi akiwa katika gari la wazi kando ya mkewe. Ilikuwa saa sita na nusu mchana huko. Kwa saa za Kenya ilikuwa saa tatu na nusu usiku, na katika saa nne usiku alitajwa kuwa amekufa. Alikuwa na miaka 46. Aliyekamatwa, Lee Harvey Oswald, naye aliuawa siku mbili baadaye mikononi mwa polisi, na kwa hiyo hakupata kuhukumiwa. Siku ishirini baada ya kifo hicho, tarehe 12 Desemba, bendera ya Uingereza ilishushwa Nairobi. Katika serikali mpya Bwana Mboya alikuwa Waziri wa Sheria, na mwana wa Taita, Bwana Dawson Mwanyumba, alikuwa Waziri wa Ujenzi. Bwana Mboya naye aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kabla ya kutimiza miaka 39.

Sasa hesabu ya ndege. Kati ya 1959 na 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika ya Mashariki walipelekwa kwa mpango ule. Mmoja wao, katika safari ya 1960 iliyolipiwa na fedha za wakfu, alikuwa msichana wa Nyeri aliyemaliza masomo Loreto Limuru. Alisoma elimu ya viumbe katika chuo cha watawa huko Kansas, akarudi, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1977 akaanza kazi ya kuwahimiza wanawake wapande miti. Huyo ni Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Watu wanaoishi chini ya misitu ya Ngangao na Mbololo, wakijua mito yao hutoka wapi, hawakuhitaji tafsiri ya maneno yake.

Vijana wengine walifika Marekani kwa njia zao katika miaka ileile. Bwana Perez Olindo alisoma huko elimu ya wanyama, na mwaka 1966 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza mbuga za taifa za Kenya. Hata mbuga kubwa ya Tsavo Mashariki, ambayo lango lake liko Voi na ambayo ilikuwa chini ya msimamizi Mwingereza tangu 1948, ikawa chini ya amri yake.

Kuna kosa moja lililoenea ambalo lafaa kusahihishwa. Husemwa kwamba Kennedy ndiye aliyemlipia nauli Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 2009. Hata mwana mwenyewe alisema hivyo katika hotuba mwaka 2007. Lakini mzee Obama alikwenda Hawaii mwaka 1959, naye hakuwa katika ndege ile ya watu 81. Fedha za Kennedy zilitoka mwaka uliofuata. Wasaidizi wa mwanawe walikiri baadaye kwamba ni kosa. Wakfu ule una sifa yake ya kutosha, hauhitaji kuongezewa.

Huko Voi, mji ambao kijana wa 1960 aliufikia ili apande gari la moshi aende mbali, pana Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake ya kujitegemea mwaka 2016. Miongoni mwa masomo yake ni uhandisi wa madini, katika wilaya ya zamani ambayo vito vyake vya kijani vilianza kuchimbwa katika miaka ya sabini. Mtoto wa Mwatate au wa Taveta anayeitaka shahada hiyo hahitaji ndege, matatu yatosha. Karo, hata hivyo, bado yatafutwa kama ilivyotafutwa wakati ule: kwa mboga, kwa mbuzi, na kwa mchango wa jamaa.